Zamu ya Rupert

Kasiana alitoka nyumbani jua likiwa limeshazama nyuma ya miti ya milingoti, ungo mkononi na kanga moja begani. Hakuwa na safari ya maana. Alikuwa anakwenda kuchuma majani ya maboga pembeni ya shamba, ayachemshe na karanga, ale, alale. Mjane anayeishi peke yake hapiki chakula cha mbwembwe.

Mvua ya mchana ilikuwa imekata. Udongo wa Mpitimbi ukilowa unang'ang'ania ndala, kwa hiyo alizivua akazishika mkononi, akatembea peku huku akiangalia chini ili asiyaone mahindi yake. Yalikuwa aibu tupu. Magugu yalishafika magotini, na mahindi yenyewe yameanza kuwa ya njano. Tangu Rupert afariki, mikono miwili ilikuwa imebaki kufanya kazi ya minne.

Ng'ambo ya mfereji wa mpakani lilikuwepo shamba la Leticia.

Lile lilikuwa safi. Safi kabisa, limepaliliwa mpaka kwenye mizizi, mahindi meusi kwa rutuba. Na Leticia alikuwa mwanamke mmoja kama Kasiana, mume wake alikwenda Mbinga kwenye kahawa akasahau njia ya kurudi. Hakuwa ameajiri vibarua. Kikundi cha kulimiana kilikuwa hakijafika kwake. Watu kilabuni walishaanza kusema yule mama ana trekta kitandani, na kila waliposema hivyo Kasiana ndiye aliyewajia juu. Leticia alikuwa shoga yake. Walikuwa wamelima pamoja miaka yote, wakachekana, wakafichiana siri, wakalishiana watoto. Kumsema Leticia mbele ya Kasiana kulikuwa kutafuta ugomvi.

Akainama akaanza kuchuma.

Chwa... chwa... chwa...

Ko.

Kasiana akatulia, jani likiwa nusu limekatika.

Chwa... chwa... chwa... Ko.

Mtu alikuwa analima. Saa hizi, giza linaingia, mtu analima kwenye shamba la Leticia. Hilo peke yake lisingemtisha. Watu wa huku wakibanwa na palizi hulima hata mbalamwezi ikiwaka. Kilichomtisha ni ule mpigo. Mara tatu jembe chini, halafu mpini unagongwa kwenye jiwe kutoa udongo. Mara tatu, halafu ko. Alikuwa ameusikia ubavuni mwake miaka mingi kiasi kwamba angeweza kuutambua hata akiwa usingizini. Kila mtu kijijini alilima kwa namna yake, na hiyo ilikuwa namna ya mtu mmoja tu.

"Siyo," alijiambia. "Siyo, Kasiana. Chuma majani uende."

Hakwenda. Alivuka mfereji.

Harufu ilimpokea kabla hajaona kitu. Udongo uliochimbwa kutoka chini sana, ule mwekundu wa baridi usiojua jua. Aliikumbuka. Mara ya mwisho aliinusa akiwa amesimama ukingoni mwa kaburi, wanawake wawili wamemshika mabega.

Akatenganisha mabua mawili ya mahindi.

Mwanaume alikuwa amempa mgongo. Alikuwa amevaa koti la kijivu la Jumapili, limechafuka matope mpaka kwenye kola, na chini ya kwapa la kushoto kulikuwa na kiraka.

Kiraka kile Kasiana alikishona mwenyewe, asubuhi ya mazishi, kwa sababu hakutaka mumewe azikwe na koti lililochanika.

Ungo ukaanguka.

"Usimwite," sauti ikanong'ona sikioni mwake.

Mkono wa baridi ukamshika mdomo. Alikuwa Leticia. Alimvuta nyuma, taratibu, mpaka kwenye mfereji, na muda wote huo jembe halikukosa hata pigo moja.

"Ukimwita jina atageuka," Leticia alisema kwa kunong'ona. "Akigeuka wewe utaumia. Mimi nimeshazoea."

"Umemfanya nini mume wangu?"

"Mimi?" Leticia alimwangalia kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomuudhi Kasiana kuliko kitu chochote. "Ulisema mwenyewe, dada. Mbele za watu. Umesahau?"

Hakuwa amesahau.

Ni hivi. Huku wanalima kwa zamu. Leo kikundi kizima kinakwenda kwa huyu, kesho kutwa kwa yule, mwenye shamba anapika ugali na dagaa wa Nyasa na kukoroga togwa, basi. Ukilimiwa, unarudisha. Unarudisha kwa mikono, hela haipokelewi, na ukiwa mgonjwa mkeo au mwanao anakurudishia. Kifo peke yake ndicho kinachofuta. Rupert alikuwa amelimiwa, na Leticia alikuwa mmoja wa waliomlimia. Kabla hajarudisha kwa Leticia, kifua kilimbana usiku na asubuhi hakuiona.

Siku ya mazishi, kaburi likiwa limeshafukiwa na mashada yamewekwa, msemaji wa familia akatangaza kama inavyotangazwa kila msiba: anayemdai marehemu, au anayedaiwa na marehemu, awaone wafiwa. Halafu Leticia akapaza sauti kutoka nyuma. Leticia ni Mbena, aliolewa huku akitokea Njombe, na Wabena na Wangoni ni watani. Mtani ana ruhusa ya kuvuruga hata mazishi.

"Mimi namdai!" alisema. "Kala zamu yangu ya kulima huyu, kaamua kufa ili asinirudishie. Mvivu mkubwa! Nani atanilipa?"

Watu wakaangua kicheko, machozi yakiwa bado mashavuni. Na Kasiana, akiwa amekaa kwenye mkeka, akajikuta anacheka pia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile. Utani hujibiwa. Akajibu.

"Mdai mwenyewe! Mfuate, mwamshe, akulimie mpaka uridhike. Mimi nimekuachia."

Kicheko kikazidi. Leticia hakucheka sana. Aliokota kidonge cha udongo juu ya kaburi, akakifunga kwenye pindo la kanga yake, na hakuna aliyejali, kwa sababu watani hufanya vituko.

Sasa, kwenye mfereji, Kasiana alimkamata mkono.

"Ulikuwa utani," alisema.

"Nilijua ni utani. Yeye huko chini alijuaje?"

"Mwachie, Leticia. Nakuomba kwa Mungu. Mwachie alale."

Upande wa pili wa mahindi, mpini uligonga jiwe. Ko.

"Deni halijaisha," Leticia alisema. "Ila mke anaweza kurudisha. Ndiyo desturi. Ukinilimia wewe palizi iliyobaki mpaka mwisho wa shamba, na yeye atakwenda zake."

*

Asubuhi yake Kasiana alikwenda kwa shemeji yake, Romwaldi, kaka mkubwa wa Rupert na mwenyekiti wa kikundi. Alimkuta anafyonza pombe ya komoni ya jana kwenye kopo la bati. Alimwamkia, akaketi, akamweleza yote bila kuficha.

Romwaldi aliweka kopo chini. Aliangalia mlangoni, akaangalia dirishani, kisha akasogeza kiti mpaka magoti yao yakakaribia kugusana.

"Umemwona uso?"

"Hapana, shemeji. Mgongo tu."

"Afadhali." Alijifuta midomo. "Usimwambie padri. Usimwambie mtu. Huo ni udondocha, mtu anatolewa kaburini akatumikishwe. Ukileta kelele, aliyemshika anamkata ulimi, basi, hapatikani tena milele. Kama amekwambia ulime, lima."

"Twende wote basi, shemeji. Ukoo wenu huo. Mdogo wako huyo."

Romwaldi, ambaye kilabuni alikuwa anajisifu kumkimbiza chui kwa fagio, aligundua ghafla kuwa mgongo unamuuma. Alisema hali ya hewa hiyo siyo nzuri kwake. Alisema angemwombea.

Kasiana aliondoka bila kuaga. Njiani alilia kwa hasira. Alikuwa na shamba linalokufa, shoga aliyemgeukia, na ukoo uliojificha nyuma ya kopo la pombe. Hata hivyo alijua anachotaka. Alitaka Rupert alale. Mengine yote yangesubiri.

*

Alilima.

Kila kulipopambazuka alivuka mfereji akainama kwenye shamba la mwenzake, na jua likipanda magugu kwenye shamba lake yakapanda nalo. Wakati wa kuweka mbolea ya kukuzia ukafika ukapita, mfuko wake ukabaki umesimama pembeni ya kitanda. Viganja vilipasuka. Wapita njia walimshangaa. Wengine wakasema msiba umemvuruga akili, analimia watu na kwake kunaota msitu.

Leticia alimpikia. Hilo ndilo lililokuwa gumu kulivumilia. Saa sita alimletea ugali wa moto, maharage yaliyoungwa kwa karanga, na togwa ya ulezi yenye sukari kama Kasiana alivyopenda. Alikaa naye chini ya kivuli cha mahindi, akamfunga viganja kwa kitambaa, akamwambia pole dada. Kwa mikono ile ile iliyookota udongo wa kaburi.

"Bado anakuja?" Kasiana aliuliza siku moja.

"Jioni. Ukishaondoka."

"Anasema chochote?"

Leticia aliangalia pembeni. "Kula, chakula kinapoa."

Kasiana hakuuliza tena. Alipunguza kula na kuongeza kulima. Mstari baada ya mstari, mpaka jioni moja jembe lake likagonga mawe ya mwisho, pale shamba linapokutana na njia ya kwenda Peramiho. Palizi ilikuwa imekwisha. Hapakuwa na gugu lililobaki.

Leticia alikuja, akaliangalia shamba kutoka upande hadi upande, akafungua pindo la kanga. Kidonge cha udongo kilikuwa bado kipo, kimekauka. Akakisaga kati ya vidole, upepo ukachukua vumbi.

"Nimeridhika," alisema. "Deni la Rupert limekwisha."

Kasiana alipiga magoti pale pale matopeni. Alilia kwa sauti, na Leticia alimshika bega, na kwa muda mfupi walikuwa tena wale wanawake wawili wa zamani. Usiku huo Kasiana alilala bila kuamka. Kesho yake alikwenda makaburini na mshumaa. Kaburi lilikuwa limetulia, majani mapya yameota juu yake, hakuna ufa, hakuna alama ya mtu kutoka wala kuingia. Alimwambia Rupert apumzike, kazi imekwisha. Alirudi nyumbani mwepesi, akaanza kufikiria kama mahindi yake yanaweza kuokolewa japo nusu.

Jioni akachukua ungo, akaenda kuchuma majani ya maboga.

Chwa... chwa... chwa...

Ko.

Mwanzoni alidhani ni kichwa chake. Alisubiri.

Chwa... chwa... chwa... Ko.

Safari hii Kasiana hakuogopa. Ilimpanda hasira iliyomfanya asione mahali anapokanyaga. Aliruka mfereji, akapasua mahindi kwa mabega, majani yakimchana mashavu. Amenichezea shere, alikuwa anawaza. Amenilimisha, amenilisha, amenidanganya, na mume wangu bado yuko kwenye nira. Leo tutauana.

"Rupert!"

Jembe likanyamaza.

Ile harufu ya udongo wa chini ikaja yote kwa pamoja.

Akageuka.

Alikuwa Rupert. Hakuwa na macho meupe, hakuwa amekatwa ulimi, hakuwa na chochote cha zile hadithi za kilabuni. Alikuwa na ule uso mrefu na lile kovu la utotoni juu ya nyusi. Udongo ulikuwa umejaa masikioni mwake. Alimwangalia Kasiana, akainamisha kichwa kidogo kama mtu mwenye adabu anavyofanya akikutana na mwanamke njiani.

"Za jioni, mama," alisema.

Sauti ilikuwa yake. Lakini Rupert hakuwahi, hata siku moja ya ndoa yao, kumwita hivyo. Alimwita mama Mariana, kwa jina la binti yao, au alimwita Kasi wakiwa wawili.

"Rupert, ni mimi. Twende nyumbani."

Alimsikiliza kwa makini, kama mtu anayeelekezwa njia ya kijiji asichokijua. Kisha akaweka jembe begani, akampita. Alipita karibu kiasi cha koti kumgusa mkono, na koti lilikuwa limelowa na baridi. Akaenda moja kwa moja mpaka uani kwa Leticia.

Leticia alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la maji ya kunawa. Nyuma yake, mkekani, kulikuwa na sahani mbili.

"Ni nani yule?" Rupert aliuliza.

Leticia alimwangalia Kasiana juu ya bega la yule mwanaume. Hakuonekana kama mshindi. Alionekana amechoka.

"Jirani yetu," alijibu.

"Aa. Jirani." Akanawa mikono. Maji yaliyodondoka kutoka vidoleni mwake yalikuwa mekundu kwa udongo, na hayakuacha kuwa mekundu. Akainamisha kichwa mlangoni, akaingia ndani, kama mtu aliyezoea kwamba mlango ule ni mfupi.

Kasiana aliliona hilo la kuinama. Aliliona, na likamkaa moyoni.

"Ulisema deni limekwisha," alisema. Sauti yake mwenyewe ilikuwa ngeni.

"Limekwisha. Lilikwisha zamani." Leticia alishuka ngazi moja, akanong'ona ili aliyekuwa ndani asisikie. "Nilimwambia usiku wa kwanza kabisa. Nilimwambia nenda, nimekusamehe. Nilimfungulia mlango. Hakwenda."

"Muongo."

"Sikumwita, Kasiana. Kile kidonge nilikichukua kwa ajili ya kumkumbuka. Usiku ule ule wa mazishi, sijavua hata kanga ya msiba, nikasikia jembe."

"Basi kwa nini ulinilimisha? Shamba langu limekufa! Mikono yangu, tazama!"

Leticia hakuitazama mikono. "Ulitaka nikwambie nimemloga. Hilo uliweza kulibeba, nikaona uso wako. Ningekwambia nini kingine? Kwamba amekuja mwenyewe?"

Ndani, sahani ilisogezwa. Mtu alikohoa kikohozi kifupi ambacho Kasiana alikijua.

"Chakula kinapoa," ile sauti ilisema kwa upole. Haikuwa inamwambia Kasiana.

Leticia aliingia. Mlango ulifungwa, komeo likapita.

*

Kasiana hakumwambia Mariana, aliyekuwa akisoma bweni huko Songea mjini. Mtoto aendelee kumlilia baba aliyemjua. Romwaldi alipoambiwa alitikisa kichwa akasema mchawi hakiri kamwe, huo wote ni uongo wa kujisafisha, mtu akishatolewa kaburini hana hiari. Kasiana alitaka sana kumwamini. Mchana aliweza. Usiku aliukumbuka ule mlango mfupi na jinsi kichwa kilivyoinama bila kuutazama, akaanza kuhesabu upya jioni za miaka mingi ambazo Rupert alichelewa kurudi kutoka shambani, na togwa ya Leticia ambayo alikuwa haachi kuisifia. Hasira aliyokuwa nayo kwa Leticia ilimhama ikaenda kwa mtu ambaye hakuwa na namna ya kumgombeza. Alijiona mjinga. Alijiona ameuzwa mchana kweupe, na aliyemuuza amezikwa kwa machozi yake na kiraka alichokishona yeye.

Msimu ule alivuna magunzi.

Msimu uliofuata kikundi kilikutana kama kawaida kupanga zamu. Kasiana alikwenda, kwa sababu mtu asiyelimiana na wenzake huku hapati chakula. Leticia alikuwepo. Walisalimiana. Ilipofika zamu ya Kasiana wote walikuja, Leticia naye, akalima kwa bidii pale pale mstari wa pembeni, na hakuna aliyeona kitu isipokuwa majirani wawili walioinama juu ya majembe. Jioni watu wakanywa togwa, wakataniana, wakaaga, wakaondoka.

Kasiana hakurudi nyumbani.

Alibaki amekaa mwisho wa shamba lake, sahani ya ugali imefunikwa kando. Alikuwa ameacha kipande kimoja bila kupaliliwa, kwa makusudi, hatua chache tu kutoka mfereji. Kazi ndogo. Mtu mwenye mapenzi angeimaliza upesi. Maisha yake yote watu walikuwa wamemfundisha kuogopa wafu wanaorudi, na yeye alikaa pale akiomba, kwa aibu kubwa, mmoja arudi.

Giza lilishika. Ugali ukapoa.

Ng'ambo ya mfereji jembe likaanza.

Chwa... chwa... chwa... Ko.

Alivumilia kadiri alivyoweza. Halafu akasimama.

"Rupert!" aliita. "Mimi Kasi! Na huku kumebaki!"

Jembe likanyamaza. Hapakuwa na upepo, hapakuwa na mbwa aliyebweka, na kwenye ukimya ule Kasiana alikuwa na hakika kuna mtu amesimama gizani, uso umeelekea kwake, anasikiliza.

Kisha likaanza tena, mbali kidogo kuliko mwanzo.